Vijidudu vya Tumbo na Dawa Zake: Habari za Karatu, Ngorongoro na Mbulu



Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za dawa moja imezwayo kwa kinywa, ambayo kazi yake ni kuua maadui wa namna mbili: vimelea, yaani viumbe waishio ndani ya mtu kwa kula jasho lake, na baadhi ya bakteria. Jina lake ni nitazoksanidi. Si jina jepesi kutamka, wala si dawa iliyozoewa sana madukani mwetu. Lakini habari zake zafaa kujulikana, kwa sababu kati ya mwaka 2017 na mwaka 2020 dawa hiyo ilijaribiwa katika nyanda za Mbulu, jirani na Karatu na Ngorongoro, ili ipate kujulikana kama yaweza kuwasaidia watoto wakue vizuri. Jibu lililopatikana silo lililotumainiwa. Hata hivyo lina mafundisho makubwa kwa kila mzazi, na ndiyo sababu tumelichagua.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mtu apandaye kutoka Mto wa Mbu hukwea ukuta wa Bonde la Ufa, akafika Karatu penye udongo mwekundu na mashamba ya mahindi, ngano na maharagwe. Akizidi kupanda huingia msitu wa Ngorongoro, na ng'ambo ya msitu ule huiona kreta, shimo kubwa lenye kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Msitu huo ndio mama wa maji. Mvua na ukungu unaonaswa na miti hushuka ardhini, kisha maji hutokeza mbali kuwa chemchemi, kama zile za Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, ambazo hunywesha mashamba ya vitunguu. Upande wa kusini yatoka njia iendayo Mbulu, na mbele zaidi Haydom, mahali ambapo Wanorwe wa misioni ya Kilutheri walifungua hospitali mwaka 1955.

Hapo zamani Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Ilifanywa wilaya ya peke yake katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka mkoa wa Arusha, Mbulu ikawa ya Manyara, Karatu na Ngorongoro zikabaki Arusha. Lakini mipaka ya ramani haikati ujamaa. Wairaqw, ambao wengi wamezoea kuwaita Wambulu, wako pande zote mbili, na pamoja nao wako Wadatoga, Wahadzabe na Wamasai. Tena Wamasai wengi waliokaa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro karibu na mwaka 1959, mwaka ambao Hifadhi ya Ngorongoro iliwekwa kuwa mahali pa wanyama wa porini na wafugaji pamoja. Basi jambo lililojaribiwa Haydom si la ugenini kwa mtu wa Karatu: mahindi ni yale yale, ng'ombe ni wale wale, na maradhi ya watoto ni yale yale.

Ng'ombe ana sehemu kubwa katika habari hii. Zamani za vita na wizi wa mifugo, Wairaqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima, dari yake ikawa sawa na ardhi, hata adui apitaye asiione kwa urahisi. Usiku mifugo ililala ndani pamoja na watu. Wamasai nao, ijapokuwa ng'ombe wakubwa hulala katikati ya boma, huwaingiza nyumbani ndama na wana-kondoo wachanga ili wasiliwe na fisi wala kupigwa na baridi. Hatusemi haya ili kuwalaumu wazee. Desturi hiyo ilikuwa ngome ya mali yao, na mtu asiye na ng'ombe hakuwa na maziwa ya kumlea mtoto. Lakini kijidudu cha maradhi hakiulizi sababu. Mahali alipolala ndama ndipo atambaapo mtoto, na kinachotoka katika mavi ya ndama chaweza kufika kinywani mwa mtoto kwa mkono, kwa kibuyu au kwa maji.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa maradhi ya tumbo. Walijua tegu, walijua mchango, walijua kuhara damu, na walikuwa na dawa zao. Wamasai huchemsha gome la mti waitao olmukutan, wakalinywa ili kutoa minyoo. Wataalamu wa mimea walipouandika mti huo katika vitabu vyao waliupa jina la Kilatini lenye maana ya kufukuza minyoo, nao ni ushuhuda kwamba walikuta elimu hiyo imekwisha kuwapo. Lakini mnyoo ni mdudu aonekanaye kwa macho. Wako maadui wengine wa tumbo ambao jicho haliwezi kuwaona, na hao ndio waliokaa katika giza kwa karne nyingi, katika Afrika na Ulaya vilevile.

Wa kwanza kumwona mmoja wao alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara wa nguo katika mji wa Delft. Alijitengenezea vioo vya kukuza vitu vidogo, na mwaka 1681, alipokuwa akiharisha, alitazama kinyesi chake mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikitembea humo. Kwa jinsi alivyoeleza umbo lake, wataalamu wa baadaye walitambua ya kuwa aliona kijidudu kiitwacho jiardia. Lakini kuona siyo kuua. Kutoka siku ile hata kupatikana dawa iliyo njema ilipita karibu miaka 300.

Katika muda huo dawa zilizokuwako zilikuwa kali. Kwa kuhara damu kuletwako na amiba, madaktari walitumia emetini, iliyotolewa katika mzizi wa mmea wa Brazili. Mwaka 1912 Leonard Rogers, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Calcutta katika India, alionyesha ya kuwa emetini ikipigwa kwa sindano huwaponya wagonjwa wengi. Dawa hiyo iliokoa watu, lakini iliweza kuudhuru moyo, na mgonjwa hakuwa na budi kulala hospitali na kuangaliwa. Fikiri basi mtu wa Endulen au wa Mang'ola katika siku hizo, ambaye hospitali ilikuwa mbali naye mwendo wa siku nyingi. Kwake dawa ya sindano ya kila siku ilikuwa kama haipo. Dawa ya kumezwa, iwezayo kuchukuliwa katika mfuko wa shati, ndiyo iliyohitajiwa.

Dawa ya namna hiyo ilikuja kwa njia isiyotazamiwa. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Japani walitoa kitu katika bakteria wa udongo, kitu kilichoweza kuua vijidudu vingine. Wafaransa wa kampuni ya Rhône-Poulenc wakakitumia kama kielelezo, wakatengeneza vitu vingi vinavyofanana nacho, na kimoja kati ya hivyo kikawa metronidazoli. Mwaka 1959 ilitangazwa kuwa yaua kijidudu fulani cha njia ya uzazi ya wanawake, na haikudhaniwa kuwa ina kazi nyingine. Kisha mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, D. L. S. Shinn, aliandika habari ya mwanamke aliyepewa dawa hiyo kwa ugonjwa wa uzazi, na fizi zake zilizokuwa zikioza zikapona pia. Maradhi yale ya fizi huletwa na bakteria. Hivyo ilijulikana ya kuwa dawa moja yaweza kuua vimelea na bakteria pamoja. Mwaka 1966 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, wakaonyesha ya kuwa yaponya amiba wa tumbo na wa ini. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipoandika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, metronidazoli ilikuwamo. Ndiyo hiyo ambayo watu wa Afrika ya Mashariki, kwa kufuata jina la kibiashara la Flagyl, huiita flajili.

Nitazoksanidi ni mdogo wa flajili kwa umri, lakini si mtoto wake. Ilitokana na ukoo wa dawa ya tegu. Katika miaka ya 1970 Mfaransa Jean-François Rossignol, pamoja na wenzake, alikuwa akitafuta dawa bora ya minyoo, akaunganisha sehemu ya dawa ya tegu iliyojulikana na sehemu nyingine mpya. Mwaka 1984 ilichapishwa habari kwamba dozi moja ya dawa hiyo iliwatoa tegu wa nyama ya ng'ombe na tegu wadogo. Baadaye ikaonekana kwamba yaua pia jiardia, na amiba, na baadhi ya bakteria waishio pasipo hewa. Na zaidi ya yote, yaweza kumpiga adui mmoja ambaye flajili haimwezi. Adui huyo huitwa kriptosporidi.

Kriptosporidi ni kimelea kidogo sana, na ndama wachanga ni miongoni mwa wanyama wakibebao kwa wingi. Kwa watu kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976. Kina ganda gumu, nalo halivunjwi na dawa ya klorini itiwayo katika maji ya mabomba. Watu wa mji wa Milwaukee, Marekani, waliliona hilo mwaka 1993: kijidudu hicho kilipenya katika maji ya mji, na watu wapatao 400,000 wakaugua. Kama mji wenye mitambo mikubwa ya maji uliweza kupigwa hivyo, itakuwaje kwa mtoto anyweshwaye maji ya kijito ambamo ng'ombe wameingia asubuhi? Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza kuhara kwa watoto katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo, walikiona kriptosporidi kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikubwa. Habari njema ni hii, kwamba ganda lile lishindalo klorini haliwezi kushinda maji yanayochemka.

Huenda msikilizaji akauliza: dawa yawezaje kumwua kijidudu tumboni isimwue mwenye tumbo? Jibu twaweza kulipata kwa mfano wa jiko. Kila kiumbe hupika nguvu zake kutokana na chakula, na kila kiumbe kina jiko lake. Mtu na ng'ombe hupika kwa hewa wanayovuta. Lakini amiba, jiardia na bakteria fulani hukaa mahali pasipo hewa, nao wana jiko la namna nyingine, lenye kimeng'enya ambacho mwili wa mtu hauna. Nitazoksanidi huliziba jiko hilo, kijidudu kikakosa nguvu. Flajili hufanya hila nyingine: huingia ndani ya kijidudu ikiwa haina ukali, na moto wa jiko lile lile huigeuza kuwa sumu ambayo hukivunja kutoka ndani. Ndiyo sababu dawa hizi huweza kupiga vimelea na bakteria kwa pigo moja: hazitazami ukoo wa kijidudu, hutazama jiko lake. Hata hivyo si kila kijidudu kina jiko hilo. Virusi hawana jiko kabisa, na wingi wa kuhara kwa watoto wachanga huletwa na virusi. Dawa ya kufungia jiko itamfanya nini asiyepika?

Ushahidi mkubwa wa wema wa nitazoksanidi ulitoka katika Afrika yenyewe. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, Zambia, madaktari walichukua watoto 100 walioharishwa na kriptosporidi, nusu yao wakiwa na virusi vya UKIMWI na nusu hawana. Baadhi walipewa dawa hiyo mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 3, na wengine walipewa maji matamu yasiyo na dawa ndani yake, ili tofauti ijulikane kwa haki. Habari zilichapishwa mwaka 2002. Kati ya watoto wasio na virusi vya UKIMWI, waliopewa dawa waliacha kuhara 14 katika 25. Waliokosa dawa waliacha 5 tu katika 22. Kufika siku ya nane, watoto 4 wa kundi lililokosa dawa walikuwa wamekufa, na katika kundi la dawa hakufa hata mmoja. Lakini kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI dawa haikuonyesha faida. Mwili uliovunjika nguvu haukuweza kuimaliza kazi ambayo dawa iliianza. Mwaka huohuo wa 2002 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo itumiwe kwa watoto wenye kuharishwa na kriptosporidi na jiardia.

Sasa twarudi katika nyanda zetu. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa mojawapo ya mahali nane, katika nchi nane za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, ambapo watoto walifuatwa tangu kuzaliwa, wakapimwa urefu na uzito, na vinyesi vyao vikachunguzwa. Wataalamu waliona jambo la kuhuzunisha. Watoto wengi walikuwa na vijidudu tumboni hata siku ambazo hawakuharisha. Mama alimwona mtoto wake mzima, akicheza na kunyonya, kumbe ndani utumbo wake umechoka kwa vita visivyokwisha. Na wale waliobeba bakteria fulani, au jiardia, walikuwa wafupi kuliko wenzao. Kudumaa si ufupi wa urithi wa ukoo. Ni alama ya mtoto aliyekosa kitu katika siku zake za kwanza, na kitu hicho mara nyingi hakirudi; huonekana tena darasani katika ugumu wa kujifunza.

Hapo likazaliwa wazo. Kama vijidudu vya siri ndivyo vinavyowadumaza watoto, kwa nini wasipewe dawa kabla hawajaugua? Wataalamu wa Haydom na wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliamua kulijaribu wazo hilo. Kuanzia Septemba 2017 hadi Agosti 2018 waliandikisha, kwa idhini ya wazazi, watoto 1,188 ambao hawajapita siku 14 tangu kuzaliwa. Waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dawa mbili za vijidudu: azithromaisini katika miezi ya 6, 9, 12 na 15, na nitazoksanidi kwa siku 3 katika miezi ya 12 na 15. Wengine walipewa vitamini iitwayo nikotinamidi, ambayo hupungukia watu walao mahindi kwa wingi. Kwanza alimeza mama anyonyeshaye, kisha mtoto mwenyewe. Wengine walipewa vyote, na wengine walipewa vitu visivyo na dawa. Wala mama wala mpimaji hakujua nani amepata nini, hata mwisho wa kazi.

Mwaka 2020 kipimo cha mwisho kilikwisha, na mwaka 2021 habari zilichapishwa. Katika umri wa miezi 18 watoto waliopewa dawa za vijidudu hawakuwazidi wenzao kwa urefu. Waliopewa vitamini pia hawakuwazidi. Makundi yote manne yalikuwa karibu sawa, nayo yote yalikuwa chini ya kimo ambacho mtoto wa umri ule apaswa kuwa nacho.

Huenda mtu akasema, basi dawa ile ni bure na kazi ile ni hasara. Sivyo. Lusaka ilijibu swali moja, na Haydom ilijibu swali jingine. Lusaka iliuliza: mtoto mgonjwa wa kriptosporidi, dawa yamfaa? Likaja jibu, yamfaa, kama mwili wake una nguvu ya kusaidiana nayo. Haydom iliuliza: mtoto asiye mgonjwa, tukimpa dawa kila baada ya miezi kadhaa, atakua zaidi? Likaja jibu, hapana. Mtu asiyetofautisha maswali haya mawili atakosa kuitumia dawa inapotakiwa, na ataitumia isipotakiwa.

Mfano wa Ngorongoro yafaa kuwekwa hapa kando. Azithromaisini, iliyotengenezwa mwaka 1980 katika mji wa Zagreb, ndiyo dawa igawiwayo vijijini kwa ugonjwa wa vikope, ambao huletwa na bakteria na huweza kumpofusha mtu. Katika kijiji cha Kahe Mpya, wilaya ya Rombo, mwaka 2000 karibu watu wote, kama 1,000 hivi, walimezeshwa dozi moja, na waliobaki na ugonjwa wakapewa marhamu ya macho. Miaka miwili baadaye bakteria wale walikuwa karibu wametoweka. Lakini katika nchi ya Wamasai, Ngorongoro ikiwamo, dawa imegawiwa mara nyingi na ugonjwa umekuwa mgumu kuondoka. Dawa ni ile ile. Kinachotofautiana ni mahali: kuhamahama kwa watu wenye mifugo, uchache wa maji ya kunawa uso, na wingi wa nzi wafuatao ng'ombe. Dawa ni jembe zuri, lakini jembe halichagui shamba wala halileti mvua.

Je, basi tuseme ya kuwa maji safi na vyoo ndivyo vitakavyowarefusha watoto? Ingekuwa rahisi kusema hivyo, lakini haki yatudai tuseme yote. Magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Kakamega, Bungoma na Vihiga, lilifanywa jaribio kubwa lililoanza na wanawake wajawazito zaidi ya 8,000, na habari zake zikachapishwa mwaka 2018. Baadhi ya nyumba zilipewa dawa ya klorini ya maji, zikatengenezewa vyoo na mahali pa kunawa mikono. Watoto wao hawakurefuka zaidi ya wengine. Waliopewa chakula cha nyongeza ndio waliorefuka, tena kidogo. Twakumbuka ya kuwa klorini haiui kriptosporidi, na ya kuwa choo cha watu hakizuii mavi ya kuku na ya ndama uani. Kazi nusu huzaa matunda nusu, na mara nyingine haizai kabisa.

Ukiyaweka majaribio haya pamoja, waona kwamba mtoto wa nyanda hizi hashambuliwi kwa mlango mmoja. Maji ni mlango, mkono ni mlango, ndama alalaye ndani ni mlango, na uji wa mahindi matupu, usio na maziwa wala maharagwe, ni mlango. Dawa huwatoa maadui waliokwisha kuingia. Haifungi hata mlango mmoja. Mtoto aliyemaliza dozi yake jioni, akanyweshwa maji yale yale asubuhi, ameanza safari upya.

Kuna yapasayo kufanywa nyumbani. Mtoto akiharisha, jambo la kwanza si kidonge cha kuua vijidudu. La kwanza ni maji yenye chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri, yale ya pakiti yatolewayo zahanati, pamoja na madini ya zinki, na kuendelea kumnyonyesha na kumlisha. Maana kiuacho upesi ni kukauka mwili. Kama kinyesi kina damu, au kuhara kumezidi wiki mbili, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, apelekwe kwa mganga bila kuchelewa, na mganga ndiye atakayejua kama yahitajiwa flajili, au nitazoksanidi, au nyingine, au hakuna. Desturi ya kununua vidonge viwili vya flajili dukani kwa kila msokoto wa tumbo si nzuri. Vidonge viwili haviui virusi, na kwa amiba havitoshi. Dozi iliyokatwa katikati huwaacha hai vijidudu wenye nguvu, nao huzaa watoto wenye usugu, hata siku ya haja ya kweli dawa isisikilizwe. Tena atumiaye flajili ajihadhari na pombe, iwe ya dukani au ya kienyeji, kwa kuwa vikikutana vyaweza kumtapisha na kumwumiza kichwa.

Na kabla ya ugonjwa, maji ya mtoto yachemshwe mpaka yatokote. Maziwa pia yachemshwe. Ndama wapewe banda lao karibu na nyumba, lenye mlango imara wa kumzuia fisi, kwani leo hakuna tena sababu ya kuwaficha chini ya dari moja na watoto. Mahali pa kuteka maji pawe mbali na mahali pa kunyweshea mifugo, na jambo hilo mtu mmoja haliwezi. Ni shauri la kijiji kizima na wazee wake. Mtoto apewe maharagwe, maziwa na mboga pamoja na ugali.

Wako watu wadhanio kwamba historia ya dawa ni orodha ya ushindi tu. Katika habari hii tumeona mwanamke wa Uingereza aliyeponywa fizi bila kutazamiwa, watoto wa Lusaka waliopona na wale wasiopona, na watoto 1,188 wa Haydom ambao wazazi wao walikubali wapimwe, wapate dawa au wasipate, ili wengine wajue. Wazazi wale hawakupata watoto warefu. Lakini kwa sababu yao twajua leo kwamba fedha ya kugawa vidonge kwa watoto wazima kila baada ya miezi mitatu ni heri iende penye kazi nyingine, na kidonge kibaki kwa mtoto mgonjwa akihitajiye. Huo ni ujuzi uliotoka katika nyanda hizi, kwa wazazi wa huku, nasi twapaswa kuutumia.